Malkia wa Bure

Kaka yangu alininunia miaka mitano, na nikisema ukweli wa Mungu, mwaka wa kwanza nilifurahia. Hakuna aliyenisahihisha nikizungumza, hakuna aliyeniuliza kama nimekagua upepo kwenye matairi. Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kuona kwamba haya mambo si utani.

Kwa mama yetu tuko wawili tu: yeye, mwalimu wa hisabati aliyestaafu mapema, na mimi, mdogo wake kwa miaka tisa, ninayeandika programu za kompyuta. Kila Jumapili tunakula kwa Mama, meza moja, na miaka yote hiyo Mama ndiye aliyekuwa simu yetu. Kaka alikuwa akisema, "Mama, mwambie binti yako asogeze chumvi," na chumvi iko hapa, mbele ya kiwiko changu. Nami sikukubali unyonge, nilikuwa nikijibu kwamba Mama amwambie mwanawe mikono anayo. Mama alipeleka ujumbe huku na huku akiuongezea maneno yake, maana hajawahi kufikisha habari kama alivyoipokea. Jumapili moja akachoka, akaweka kijiko chini. Akasema yeye si wa milele, na akiondoka hajui sisi tutaombana chumvi vipi. Kaka akaitazama sahani yake. Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya nasugua masufuria, kwa sababu yale maneno yalinichoma.

Kosa lilikuwa langu, ingawa kwa miaka mitano nililitetea kama wakili. Kaka alikuwa bingwa wa sataranji, wala si bingwa wa kujificha nyuma ya askari wake akingoja mwenzake akosee. Yeye alikuwa anatupa. Atatoa farasi, atatoa ngome, wewe unakula unashangilia, kumbe mfalme wako keshabaki uchi. Wanafunzi walimwita Mzee wa Kutupa. Alikuwa akiwaambia kwamba anayeogopa kupoteza asicheze, akapange kabati. Basi mimi nikatengeneza mashine yangu ya kwanza ya sataranji, na shule yake ikaandaa pambano, Mwalimu dhidi ya mashine ya mdogo wake, ukumbi umejaa watoto hadi madirishani. Baada ya saa tatu mchezo ukakauka, hakuna wa kumfanya mwenzake kitu. Kaka akaninyooshea mkono juu ya ubao, akasema, "Sare, mdogo wangu."

Mchezaji akikunyooshea mkono hivyo, unaushika, au unakataa kwa adabu ukimtazama usoni. Mimi nilitazama skrini. Skrini ilisema mashine imezidi kwa nusu ya askari mmoja, tena nusu isiyotimia, yaani vumbi tupu. Nikasema, "Mashine inaona iko mbele kidogo. Tuendelee." Mkono wake ukabaki hewani, watoto wote wanauona. Akaurudisha polepole, akacheza hatua thelathini zaidi, akashindwa. Tangu siku ile hakugusa ubao wala hakunisemesha.

Sasa mwaka huu Mkurugenzi wetu akatukusanya. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitasa na bawaba, watu wanane, feni moja yenye kelele kuliko upepo. Akatangaza kwamba watu wamechoka na mashine zinazocheza salama. Alisema yetu inacheza kama mtu anayetazama kulia na kushoto mara sita kabla ya kuvuka barabara isiyo na gari. Kuna kampuni ya simu ilikuwa inatafuta mchezo wa sataranji wenye roho, unaothubutu, unaomfanya mtu apige kelele peke yake kwenye kochi. Akanipa miezi minne. Akaongeza kwamba nikimwaibisha mbele ya wageni, nitafute pengine pa kuweka kikombe changu.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi, na wenzangu wakadhani nataka cheo. Cheo gani! Nilikuwa nawaza mtu mmoja tu. Nilijiambia nikiweza kutengeneza mashine inayotupa kama Kaka, huenda akakaa nayo, na akikaa nayo, huenda siku moja akasahau akanisemesha.

Kufundisha mashine ujasiri ni kazi ya kumtoa mtu nywele. Kwanza niliipa tuzo, yaani alama, kila inapotoa kete yake iliwe. Ilipofika hatua ya kumi na mbili ilikuwa imegawa kila kitu kama mwenye harusi, mfalme kabaki peke yake katikati ya ubao, na alama zangu zinaonyesha furaha isiyo na kifani. Nikabadilisha, nikaipa tuzo kwa hatua isiyotarajiwa na mtu. Ikaanza kumtembeza mfalme wake asubuhi na mapema kama aliyetumwa sukari. Kweli hakuna aliyelitarajia hilo. Wala hakuna aliyelihitaji.

Aliyeniokoa ni Mama, ambaye hajui hata farasi anaruka vipi. Nilikuwa nimejiinamia mezani kwake, akauliza nina nini, nikamwambia natafuta jinsi ya kuipimia mashine hatua tamu. Akasema yeye hajui utamu wa mbao, anachokumbuka ni kwamba Kaka alipokuwa akicheza pale sebuleni, wenzake walikuwa wanaiacha chai inapoa, naye anaipasha mara tatu. Nilimkumbatia akaniuliza kama nina homa.

Muda! Hatua tamu ni ile inayomduwaza mtu mpaka chai inapoa. Basi nikaigawa mashine sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ile ya zamani, inajua hatua zipi zina nguvu. Sehemu ya pili inakadiria kila hatua itamfanya binadamu afikirie dakika ngapi, na zikiwa nyingi inaisukuma mashine ithubutu. Ila sehemu hii ya pili haijui kitu mpaka ijifunze kwenye michezo ya watu halisi, na ofisini kwetu watu halisi walikuwa wanacheza hatua tano halafu wanasema wana kikao.

Ndipo nikampata mlinzi wa geti. Tunamwita Afande, ingawa hajawahi kuwa askari, ni kusimama tu ndiko kulikompa cheo. Afande anaipenda sataranji. Nikampa kompyuta ndogo yenye mashine iliyopunguzwa nguvu, aicheze kibandani kwake, na kwa wiki sita akacheza michezo sitini, kila hatua ikirekodiwa na dakika zake. Na dakika zenyewe! Wenzangu walikuwa wanafikiria dakika mbili. Afande ishirini, thelathini, safari moja hamsini na tano. Nikasema lo, kumbe tumemweka mwanafalsafa afungue geti. Nikaiambia mashine iihesabu michezo yake mara tatu zaidi ya ya wengine. Sikuifungua mmoja mmoja kuitazama, nilitazama wastani. Sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa huo.

Mashine ilipomaliza kujifunza ilikuwa Jumatano. Nikaijaribu mashine michezo minne, ikacheza vizuri mpaka mpokea wageni akasahau kupokea simu. Mkurugenzi alipoona, akasema Jumamosi wageni wanakuja, na mchezaji wa kupambana na mashine awe yule kaka yangu aliyekuwa bingwa. Nikamweleza kwamba kaka yangu haniombi hata chumvi. Akasema hayo ni mambo ya nyumbani.

Nikampelekea Mama ujumbe. Alivyoupeleka sijui, maana kwa kumjua kwangu alisema nalia mchana na usiku, nimekonda, na nikikosa kazi nitarudi kulala sebuleni kwake. La kazi lilikuwa kweli. Kesho yake Kaka akajibu kupitia kwake kwamba atakuja, ila anakuja kwa ajili ya Mama, isieleweke vingine. Mimi nilielewa vingine makusudi, nikapiga pasi nguo yangu mara mbili.

Jumamosi saa nne asubuhi tukawa tayari. Meza katikati, ubao wa mbao, saa ya mchezo, kila mmoja saa mbili zake. Wageni wawili wa kampuni ya simu walikaa mbele. Afande alisimama mlangoni, geti ameliachia Mungu. Mimi nilikaa upande wa mashine kuisogezea kete zake, kwa hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano nilikuwa uso kwa uso na Kaka, ubao tu katikati yetu. Karibu na masikio mvi zimemwota, nami Jumapili zote sikuziona. Alimsalimia Mkurugenzi, akawasalimia wageni, akaisalimia na saa ya mchezo. Mimi akanipita kama nguzo.

Mashine ilianza vizuri, jamani. Hatua ya kumi na moja ikamtoa farasi, bila hofu, ili kuifungulia njia ngome. Kaka akamla, kisha akaona kinachokuja. Nyusi moja ikapanda. Halafu akatabasamu, si kwangu, kwa ubao, lile tabasamu la sebuleni enzi za chai kupoa. Nikashika meza. Nilijiambia, Mungu wangu, imefanya kazi, atanisemesha.

Hatua ya kumi na tisa, mashine ikamweka malkia wake mbele ya askari wa Kaka. Mbele kabisa. Askari akinyoosha mkono tu, malkia kaliwa, na hakuna fidia, hakuna mtego, hakuna chochote. Nikatazama skrini nikidhani nimesoma vibaya. Skrini ilisema hatua hii itamduwaza binadamu dakika thelathini na nane, na ilikuwa inajivunia. Sikuwa na ruhusa ya kuchagua. Nikamsogeza malkia, nikabonyeza saa.

Kaka akainama. Na hapo, kwa pembe ya jicho, nikamwona Afande akitoka mlangoni mbio. Akarudi na dereva. Akatoka tena, akarudi na mama wa usafi na ndoo yake. Akawapanga mstari, akawaonyesha malkia kwa kidole. Nikainuka polepole, nikamfuata mlangoni, nikamnong'oneza anafanya nini.

Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba malkia wa bure haliwi kimyakimya. Ukimla peke yako, kesho nani atakuamini? Lazima uite mashahidi kwanza waone kwa macho yao. Nikamuuliza kama kule kibandani pia alikuwa anafanya hivyo. Akasema kila mara. Mashine ikikosea ikamwacha malkia, yeye anasimama, anawatafuta watu, na siku moja ilibidi amngoje fundi bomba mpaka ashuke darini.

Dakika hamsini na tano. Yule fundi bomba. Mashine yangu ilikuwa imejifunza kwamba hakuna hatua ya kumduwaza binadamu kama kumwachia malkia bure, na mimi nimeihesabia mara tatu. Nilirudi kwenye kiti. Mkurugenzi alinikonyeza kwa furaha, masikini, hajui hata farasi na ngome vinatofautiana vipi. Nikangoja Kaka anyooshe mkono amle malkia, wageni wacheke, nami nikachukue kikombe changu.

Dakika kumi. Ishirini. Kaka ameshika kichwa. Dakika ya arobaini akainua mkono, akasogeza mfalme wake hatua moja pembeni. Malkia akamwacha palepale.

Chumba kikaguna. Afande aligeuka akawatazama mashahidi wake kama aliyefiwa. Mashine nayo, kwa kuwa hakuliwa malkia, ikaona imepatia, ikaleta ngome iliwe. Kaka akafikiria robo saa, akaikataa. Ikaleta farasi wa pili. Akamkataa pia. Kila akikataa, sehemu ya nguvu ya mashine inasogea karibu na mfalme wake, na mfalme mwenyewe Kaka alikuwa anampeleka mahali pabaya zaidi. Hatua ya arobaini na moja akamlaza mfalme wake chini, yaani amekubali kushindwa. Kisha akasimama, akawaeleza wageni kwamba yule malkia alikuwa mtego wa hatua kumi na moja, kwamba angemla angekwisha, na kwamba katika maisha yake hajaona ujasiri kama ule. Alichora mishale hewani. Wageni wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Mkurugenzi alifuta macho.

Mimi sikupiga makofi. Ule mtego haukuwepo. Nilikuwa nimeutafuta kwa macho na kwa mashine, haukuwepo, na mtu aliyekuwa bingwa ameukimbia. Nikajua nimefanya nini. Miaka mitano bila kugusa ubao, na sasa anaogopa kivuli, anaona mitego pasipo na kitu, yule yule aliyekuwa akitupa ngome akicheka. Nimemharibu kaka yangu. Nilipotafuta pa kuweka macho, alikuwa ameshachukua kofia yake ameondoka.

Nilimkuta kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Nikasema, bila kumtafuta Mama wala mtu yeyote, "Kaka, yule malkia alikuwa wa bure."

Akasimama. Hakugeuka. "Najua."

"Unajua?"

"Mtoto aliyeanza jana angejua." Sasa akageuka. "Hiyo mashine yako inaumwa nini?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka mitano. Nikamweleza habari za Afande, mashahidi, na fundi bomba darini, nikiongea haraka nisije nikamkosa tena. Alicheka mpaka akashika reli ya ngazi kwa mikono miwili. Nikamngoja amalize, kisha nikamuuliza kama alijua, dakika arobaini zote zile alikuwa anatafuta nini.

"Njia ya kushindwa isiyoonekana," akasema. "Umewahi kujaribu kushindwa na mtu anayekupa kila kitu? Namkataa malkia, inaniletea ngome. Naikataa ngome, inaniletea farasi. Nilikuwa kama mgeni aliyeshiba kwa mwenyeji asiyesikia. Sijawahi kucheza mchezo mgumu kama ule."

Basi badala ya kushukuru, hasira zikanipanda. Ndivyo nilivyo. Nikamwambia sikumwomba anihurumie. Nikamwambia mimi sikumhurumia, yeye alininyooshea mkono mbele ya wanafunzi wake wote nami nikatazama skrini, kwa hiyo leo alikuwa na haki ya kumla yule malkia na kunicheka mpaka jioni. Ni mara ya kwanza nililisema hilo kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Ndiyo," Kaka akasema. "Kwa hiyo najua inavyouma mbele za watu. Ningekufanyiaje wewe?"

Nilikaa palepale kwenye ngazi nikalia, si kilio cha staha, kilio cha makamasi. Nikamwomba radhi mara tatu au nne, sikumbuki. Yeye akatoa leso, nikadhani ananipa mimi, kumbe anapangusa ngazi ili akae. Akakaa. Nikamwambia kabla wageni hawajaondoka nitawaambia ukweli, na Jumatatu nitaitoa michezo ya Afande yote. Akasema ni vizuri, ila nimwachie Afande ile kompyuta ndogo, maana mtu anayengoja fundi ashuke darini ili apate shahidi anaupenda mchezo.

Kisha akaniuliza, akitazama ukutani, "Na yule farasi wa hatua ya kumi na moja? Naye alikuwa mambo ya Afande?"

"Hapana. Yule alikuwa wa kweli."

"Nilijua. Yule angenishinda hata kama nisingetaka kushindwa." Akaweka kofia gotini. "Uliifundishaje?"

Nikaanza kumweleza. Huko juu Mkurugenzi alikuwa ananiita kwa sauti kubwa, na mimi nikamwacha aite.